Miaka 11 ndani ya Barakoa: Hotuba kuhusu El Generico, Mwanamieleka wa Laval

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliojazana hapo nyuma karibu na mlango, hamjambo. Nawashukuru waandaaji kwa kunikaribisha, na nawashukuru zaidi kwa kukubali niongee juu ya mtu ambaye wengi wenu hamkutarajia kusikia habari zake kwenye kikao cha jamii yetu hapa Montreal.

Mada ya leo ni kazi. Waliotangulia wamezungumza vizuri juu ya unesi, ufundi wa umeme na udereva wa malori. Mimi nitamzungumzia mtu mmoja aliyezaliwa hapo ng'ambo ya mto, Laval, mtoto wa wahamiaji kama watoto wetu, aliyechagua kazi ambayo mzazi yeyote kati yetu angeshika kichwa akiisikia. Alichagua kuwa mwanamieleka wa kujitegemea.

Jina lake la kuzaliwa ni Rami Sebei. Alizaliwa tarehe 12 Julai 1984. Wazazi wake walitoka Homs, Syria, wakaja Kanada miaka ya 1970. Vijana mnamjua kwa jina la Sami Zayn, yule mwenye ndevu nyekundu na kofia ya kapelo, anayeonekana kwenye runinga kila wiki. Lakini tangu 2002 mpaka mwanzoni mwa 2013 hakukuwa na Sami Zayn. Kulikuwa na El Generico, mtu aliyefunikwa uso kwa barakoa, aliyepigana katika kumbi za watu mia mbili, mia tatu, kuanzia Quebec hadi California, Ujerumani na Japani. Miaka hiyo 11 ndiyo iliyonileta hapa.

Watu wakiisimulia habari yake huipita miaka ile haraka haraka, kana kwamba alikuwa amekaa kituoni akisubiri basi, na basi likafika kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, WWE, ilipomchukua. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Nasema miaka ile ilikuwa kazi kamili, yenye ustadi wake, heshima yake na kilele chake. Hata kama kampuni kubwa isingempigia simu kamwe, bado tungekuwa na mengi ya kusimulia juu yake.

Niondoe kwanza swali ambalo najua mzee mmoja hapa mbele analo. Ndiyo, mzee wangu, katika mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa kabla. Wanaopigana wanajua nani ataondoka na mkanda. Lakini mtu anayeruka kutoka juu ya kamba ataanguka kwenye mbao zilizofunikwa turubai na sponji nyembamba, na mgongo wake haujui kwamba mshindi alipangwa. Mabega huteguka, shingo huumia, na kesho yake kuna mechi mji mwingine. Na ninyi mliokulia Kinshasa hamhitaji somo hili kutoka kwangu. Mnakumbuka akina Edingwe wakiingia ulingoni na dawa zao, ngoma zinapigwa, mtaa mzima umesimama. Hakuna aliyekuwa pale akiulizana kama dawa ile ni ya kweli. Kila mtu alitaka kuona nini kitafuata. Kazi ya mwanamieleka ni kuwafanya watu wasiomjua wajali kitakachofuata, na hiyo haipangwi na mtu yeyote. Ama unaiweza, ama huiwezi.

Sasa turudi hapa kwetu. Jimbo hili la Quebec lina historia ndefu ya mieleka. Ndugu wa Vachon walitoka hapa. Ukoo wa Rougeau ulitoka hapa. Yule jitu Mfaransa, André the Giant, alipovuka bahari mwanzoni mwa miaka ya 1970, alijulikana kwanza Montreal, wakimwita Jean Ferré, kabla Marekani haijamfahamu. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 vyama vya mieleka vya hapa vilikuwa vimekufa. Kampuni kubwa ya Marekani, ambayo sasa tunaiita WWE, ilikuwa imemeza karibu kila kitu. Kijana aliyetaka kuingia kazi hii mwaka 2002 hakukuta ngazi yoyote ya kupanda. Alikuta kumbi ndogo, baa, magereji yaliyogeuzwa kuwa vyumba vya mazoezi, na promota mmoja mmoja aliyekuwa na ulingo wa kuazima na imani kubwa.

Katika Montreal chama kilichowakusanya vijana wa namna hiyo kilikuwa IWS. Ajabu yake ni kwamba herufi ile I mwanzoni ilisimama kwa Internet, maana intaneti ilikuwa bado kitu cha kujivunia. Pale ndipo El Generico alipojengeka kuanzia 2003, pamoja na kijana mwingine wa Quebec aliyeitwa Kevin Steen. Steen nitamrudia, kwa sababu huwezi kumsimulia mmoja ukamwacha mwingine.

Kwanza niizungumzie barakoa yenyewe. Mieleka ya Mexico ina utamaduni mzito wa barakoa. Huko ni heshima, na mtu akivuliwa mbele ya umma amepoteza kitu ambacho hakirudi. Rami hakuwa Mmexico. Alikuwa Mwarabu wa Laval, mwembamba, mweupe, mwenye nywele nyekundu. Akajitungia mtu: El Generico, mpiganaji wa kawaida tu asiye na sifa ya pekee, anayeongea maneno machache ya Kihispania kibovu, anayetoka Tijuana, anayependa watoto. Ulikuwa ni mchezo wa kuchekesha, na mwanzoni pengine wengi walidhani utaisha baada ya miezi michache.

Fikirini alichojinyima. Alijinyima uso. Mwanamieleka huuza maumivu kwa uso, huuza hasira kwa uso, huomba huruma kwa uso. Alijinyima pia ulimi, maana katika kazi hii maikrofoni ni nusu ya mshahara, na yeye, mtu anayejua Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, aliamua kutosema karibu chochote. Akabakiwa na mwili peke yake.

Na mwili ule aliufundisha kuongea. Tazameni mechi zake za zamani, ziko nyingi. Tazameni mabega. Akichoka, mabega hushuka namna fulani hivi, mikono hulegea, kichwa huinama upande mmoja, na mtu aliyekaa safu ya mwisho kabisa anajua kwamba huyu bwana sasa amefika mwisho wa nguvu zake. Kisha mkono mmoja huanza kutafuta kamba. Halafu goti. Watu huanza kuimba: olé, olé olé olé. Anasimama. Hapo ukumbi wa watu mia mbili husikika kama uwanja wa mpira. Halafu hukimbia kutoka kona moja mpaka nyingine, mwendo wote wa ulingo, na kumpiga mpinzani teke la uso akiwa ameegemea kona. Teke hilo bado analitumia mpaka leo. Na alikuwa na pigo lingine lililowafanya watu washike vichwa: alimnyanyua mpinzani miguu juu kichwa chini, akiwa amesimama juu kwenye kona, na kumshusha kichwa kwenye nguzo ileile ya kona. Mtangazaji alikuwa akiliita jina la pigo lile kwa kulivuta mpaka pumzi inamwishia.

Nimewaona wapiganaji wengi wenye nguvu kuliko yeye, na wachache wanaoruka vizuri kuliko yeye. Sijaona aliyemzidi katika jambo hili moja: kumfanya mtu mzima ahurumie mtu asiye na uso. Naliita hilo ustadi mkubwa, na alijifunza katika kumbi ambazo hata viti vilikuwa vya kukunja.

Kazi ile ilikuwaje kila siku? Hapa naomba wazazi mnisikilize, maana ndipo wasiwasi wenu ulipo. Mwanamieleka wa kujitegemea hana mwajiri. Promota humpigia simu, wanakubaliana bei ya usiku mmoja, basi. Hakuna bima anayolipiwa, hakuna likizo ya ugonjwa. Ukivunjika mkono Jumamosi, mapato ya mwezi yamevunjika nao. Wapiganaji hukodi gari watu wanne au watano, wakachangia petroli, wakaendesha usiku kucha kutoka Montreal mpaka Philadelphia au Toronto au Boston, wakapigana, wakarudi. Baada ya mechi mpiganaji hajapumzika bado: anakwenda kwenye meza yake akiwa na jasho, anauza fulana, picha na DVD. Kwa wengi meza ile ilileta pesa nzuri kuliko ulingo wenyewe. Fulana ya El Generico ilikuwa ofisi yake na duka lake.

Na kulikuwa na mpaka. Sisi hapa tunaijua habari ya makaratasi kuliko mtu yeyote, kwa hiyo nitalitaja hili japo si la Rami. Kuna mwanamieleka mwingine wa Quebec, Mike Bailey, wanamwita Speedball, bingwa wa mateke kwa sababu alianzia taekwondo. Mwaka 2016 alijaribu kuingia Marekani kupigana bila viza ya kazi, akapigwa marufuku kuingia nchi ile kwa miaka mitano. Miaka mitano, kwa mtu ambaye soko lake kubwa liko upande wa pili wa mstari! Akaenda Uingereza, akaenda Japani, akapigana huko mpaka muda ukaisha, na mwaka 2022 akawa bingwa wa X Division katika kampuni ya Impact ya Marekani hiyohiyo. Ninalitaja kwa sababu kila mwanamieleka Mkanada wa kujitegemea ameishi na mpaka ule. Vijana, kazi yoyote mtakayoifanya huko kusini, makaratasi kwanza.

Mwaka 2004 kundi la Montreal lilialikwa Philadelphia na chama cha CZW, chama chenye sifa ya ukali na damu. Walipigana wanne kwa pamoja, Steen na Generico wakiwemo, na watazamaji wa Philadelphia, ambao hawana simile na mgeni, waliondoka wakiyajua majina yao. DVD zikazunguka. Watu wakaandikiana kwenye mitandao. Kwa njia hiyo California ikamsikia. Chama cha PWG huko kilikuwa kikifanya maonyesho yake Reseda, kitongoji cha Los Angeles, katika ukumbi wa askari wastaafu, American Legion Post 308, ambao ukijazwa mpaka kuta zitoe jasho huingiza watu mia chache tu. Naomba mwelewe: katika miaka ile, ukumbi ule mdogo ulikuwa mahali ambapo wapiganaji bora wa dunia nzima walitaka kuonekana. Generico alivaa mkanda wa pale, na mwaka 2011 alishinda shindano lao kubwa la mtoano, Battle of Los Angeles. Pale pale, mwaka 2010, aliungana na Paul London, wawili wakavaa mavazi ya nyuki, na wakachukua mikanda ya timu wakiwa wamevaa hivyo hivyo. Nyuki! Na watu waliwashangilia kwa moyo wote, kwa sababu walipigana kwa moyo wote.

Sasa Steen.

Kevin Steen alizaliwa mwaka huohuo wa 1984, akakulia Marieville, mji mdogo kusini-mashariki ya hapa. Alianza mazoezi akiwa na umri wa miaka 14, baadaye akafundishwa na Jacques Rougeau, na mechi yake ya kwanza ilikuwa siku aliyotimiza miaka 16. Kiingereza alikijifunza kwa kutazama mieleka kwenye runinga. Mnene, mkali, mwenye mdomo mchungu. Mmoja haongei, mwingine hanyamazi. Mmoja amefunika uso, mwingine kila kinachopita moyoni kinaonekana usoni. Waliposimama upande mmoja walikuwa timu, waliposimama pande mbili walikuwa vita, na walifanya yote mawili kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2007 wote wawili waliingia kikamilifu katika Ring of Honor, chama kikubwa kuliko vyote vya kujitegemea huko Marekani wakati huo. Mahasimu wao walikuwa ndugu wawili wa Delaware, Jay na Mark Briscoe. Tarehe 15 Septemba 2007, Chicago Ridge, karibu na Chicago, wakapigana mechi ya ngazi: mikanda imetundikwa juu, na anayetaka kuipata lazima apande. Steen na Generico walishindwa. Ila nilichokiona katika mechi ile ni vijana wanne wakijiumiza kwa ajili ya ukumbi mmoja, na ukumbi ule ukiwalipa kwa kusimama. Mwaka uliofuata, Boston, mwezi huohuo wa Septemba, walichukua mikanda ya timu kutoka kwa Jimmy Jacobs na Tyler Black. Huyo Tyler Black ndiye mnayemwita leo Seth Rollins.

Halafu ikaja tarehe 19 Desemba 2009, New York. Steen na Generico wameshindwa tena, safari hii na timu iitwayo Young Bucks. Na Steen akachukua kiti, akampiga nacho rafiki yake.

Najua mnawaza: kiti tu, mieleka imejaa viti. Lakini walikuwa wamejenga urafiki ule mbele ya watu kwa miaka. Watu waliokuwa wamenunua fulana za wote wawili walikaa kimya. Na mwaka mzima wa 2010 ukawa ni kisa hicho kimoja. Steen alikuwa na maikrofoni, akieleza kila mji kwa nini alimchukia mtu yule, kwamba alichoka kuwa kivuli cha mtu ambaye watu wanampenda bila sababu. Generico hakuwa na maneno ya kujibu. Kwa mtu mwingine ungekuwa udhaifu. Kwake ilikuwa silaha, maana kila aliyemtazama alijaza maneno yale mwenyewe. Juni walipigana Toronto, Steen akashinda. Tarehe 18 Desemba 2010, mwaka mmoja kasoro siku moja tangu kile kiti, wakakutana New York kukimaliza kisa kile: Generico akishindwa, anavua barakoa, Steen akishindwa, anaondoka katika chama. Generico akashinda. Steen akaondoka, japo katika mieleka kuondoka hakuna kufuli, na baadaye alirudi, na mwaka 2012 akawa bingwa wa dunia wa chama hichohicho, akiuchukua mkanda Toronto, hapa hapa Kanada.

Kwangu mimi, mwaka ule wa 2010 ndio kilele cha kazi ya El Generico. Nimesikia wengine wakisema kilele ni mechi fulani ya runinga, ya viwanja vikubwa. Nawaheshimu, lakini siwafuati. Kisa cha 2010 hakikuandikiwa na chumba cha waandishi wenye mishahara. Kilibebwa na wapiganaji wenyewe, mji kwa mji, mbele ya watu waliofika kwa basi na waliolipa kwa pesa za mfukoni.

Nje ya bara hili nitapita haraka. Mwaka 2012 alishinda shindano la 16 Carat Gold huko Oberhausen, Ujerumani, linaloheshimika sana Ulaya. Mwaka huohuo huko Japani, katika chama cha DDT, alimshinda Kota Ibushi akatwaa mkanda mkuu wa chama, na Desemba akaupoteza kwa Kenny Omega, Mkanada mwenzake wa Winnipeg. Hebu fikirini: Wakanada wawili, mmoja amejifanya Mmexico, wanagombea mkanda wa Kijapani mbele ya Wajapani, na ukumbi mzima unaelewa kila kitu bila mkalimani.

Januari 2013 alipigana usiku wake wa kuaga pale Reseda. Mwenzake usiku ule alikuwa nani? Kevin Steen. Walirudi kuwa timu kwa siku hiyo.

Baadaye akasaini na WWE, na barakoa ikavuliwa. Hakuna aliyemvua. Aliingia tu kwa jina jipya na uso wake. Akiulizwa kuhusu El Generico, husema kwamba bwana yule yuko Mexico, kwenye nyumba ya watoto yatima, anawalea watoto. Sami Zayn hataki kabisa kukiri kwamba walikuwa mtu mmoja, na mimi nampenda kwa hilo. Amemlinda.

Wengine waliogopa kwamba bila barakoa hatakuwa na kitu. Kumbe mwili uliokuwa umefundishwa kuongea kwa miaka 11 ulipopewa uso na ulimi, ukawa na vitu vitatu badala ya kimoja. Tarehe 11 Desemba 2014, Florida, alishinda ubingwa wa NXT, tawi la WWE la kukuza wapiganaji. Na usiku uleule ndio Kevin Steen alipotokea katika kampuni hiyo kwa mara ya kwanza, sasa akiitwa Kevin Owens. Akaja kumpongeza rafiki yake. Akamkumbatia. Kisha akamnyanyua na kumbwaga kwenye ukingo wa ulingo. Watazamaji wapya walishtuka. Sisi wa kumbi ndogo tulisimama, kwa sababu tuliijua historia yote iliyokuwa ndani ya kukumbatiana kule.

Mwezi Mei 2015 akaletwa Montreal, jukwaa la Bell Centre, kupigana na John Cena, nyota wa WWE. Aliyemtambulisha alikuwa Bret Hart. Wazee mnalijua jengo lile na mnajua Bret Hart alifanyiwa nini humo Novemba 1997, alipopokonywa mkanda wake kwa hila. Ulikuwa usiku mkubwa wa kijana wa Laval nyumbani kwao. Akiwa anawapungia watu mkono wakati wa kuingia, kabla ya mechi kuanza, bega likamwumia. Alipigana hivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha upasuaji, na miezi mingi nje. Nawaambia haya ili mtu asidhani kwamba kampuni kubwa iliondoa hatari ya kazi. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwa na mkataba. Miaka 11 iliyotangulia, bega kama lile lingemwacha bila senti. Hilo ndilo jambo ninalolililia katika mieleka ya kujitegemea, na sitalificha kwa sababu tu naupenda mchezo.

Ya baadaye vijana mnayajua kuliko mimi. Februari 2023 alirudi Bell Centre kupigana na Roman Reigns, akashindwa, na kelele za olé zilikuwa nzito kiasi kwamba watangazaji walisikika kwa shida. Tarehe 1 Aprili mwaka huohuo, Inglewood, California, yeye na Kevin Owens walifunga usiku wa kwanza wa WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la WWE, mbele ya watu zaidi ya 80,000 kwa hesabu iliyotangazwa, wakatwaa mikanda ya timu. Timu ileile ya IWS. Kile kilichokuwa mbele ya watu mia mbili kilikuwa hichohicho, pasipo fataki.

Kuna jambo moja zaidi, hasa kwa wazazi. Rami ni Mwislamu na hajaificha dini yake. Alipopata jina kubwa aliligeuza liwe na faida kwa watu wa asili yake: mwaka 2017 alianzisha uchangishaji wa Sami for Syria, pamoja na chama cha madaktari Wasyria wa Marekani, kugharimia kliniki inayotembea ndani ya Syria. Na Mei 2023, Jeddah, alisimama mbele ya umati akausalimu kwa Kiarabu. Mtu aliyekaa miaka 11 bila kusema, aliposema alijua aseme nini na kwa nani.

Sitaki kumaliza bila kuwaomba kitu. Hapa Montreal na Laval bado kuna maonyesho ya mieleka ya kujitegemea. IWS ilifufuka na bado inapanga mechi. Tiketi si ghali kuliko sinema. Wapelekeni watoto. Kaeni karibu na ulingo, ili wasikie mbao zinavyolia mtu anapoanguka. Wakisha kupigana, msikimbilie mlangoni. Nendeni kwenye ile meza. Atakuwepo kijana mwenye barafu begani, ameendesha gari kwa muda wa saa saba kuja kupigana dakika kumi na mbili. Mwulizeni anatoka wapi. Mwulizeni alianza lini. Nunueni fulana, hata moja, kwa sababu fulana ile ndiyo petroli ya kurudi nyumbani. Na kama mtoto wako akikuambia usiku ule kwamba naye anataka kazi ile, usimcheke, usimfokee. Mwulize bima atapata wapi, mwulize makaratasi yake yakoje, mwulize nani atamfundisha kuanguka. Akiwa na majibu, mpeleke mazoezini.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Naona mikono imeinuka huko nyuma, basi tuanze na yule dada mwenye kitenge cha kijani.